Aliyekalia Gogo

Shaka lililoninyima usingizi msimu ule wa mvua lilikuwa dogo mno kumweleza mtu: nikipata stendi ya kukatia magogo, baba atakaa wapi?

Viti vilikuwepo. Tulikuwa na viti vya plastiki, na kitanda cha kamba chini ya rakuba, kile kibanda kisicho na kuta ambacho kila ua wa Juba unacho kwa ajili ya kivuli. Lakini nilipokuwa nikikata kuni, baba hakukaa huko. Alikaa juu ya gogo lenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa stendi yangu, uzito ulioshika gogo lisicheze. Na tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto, hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki iliyomhitaji yeye na si mtu mwingine.

Tunaishi Gurei, magharibi mwa mji. Mama anapika maharage na kuyauza kwenye kibanda karibu na soko, na maharage hayaivi kwa moto wa kubembeleza. Kuni zilizokwisha kupasuliwa hununuliwa na wenye mishahara. Sisi tulinunua magogo mazima, ya mwarobaini mara nyingi, ambayo lori liliyamwaga mbele ya lango kama vile limetukasirikia. Kazi ya kuyakata vipande ikawa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nyumbani.

Nilikuwa nyumbani kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Nilisomea Kenya, ambako familia yetu ilikaa kambini miaka mingi, nikapata digrii ya usimamizi wa miradi, nikarudi Juba nikiamini kwamba mji wenye mashirika mengi namna hii hauwezi kukosa mradi mmoja wa kusimamiwa na mimi. Nikapata nafasi ya kujitolea katika ofisi moja. Kisha ufadhili ukakatwa na ofisi ikafungwa. Asubuhi nilipokwenda kuangalia kama wametangaza chochote, nilikuta hata ubao wa matangazo umeng'olewa getini, yamebaki matundu ya misumari. Nilirudi na mashati mawili mazuri na mazoea ya kuwaza hatari. Hayo walitufundisha vizuri: kwa kila jambo, jiulize ni nini kinaweza kuharibika, na kikiharibika ni nani ataumia. Nadhani wenzangu waliyaacha mazoea hayo mezani siku ya mwisho. Mimi niliyaleta nyumbani, nikamkuta baba.

Baba alikuwa dereva wa malori. Kiswahili chake alikiokota barabarani, kati ya Mombasa na Juba, na mwili wake ulikuwa mwili wa dereva wa masafa marefu: kifua kama mlango, tumbo lililogusa usukani. Nilipokuwa mdogo nilimwona akikaa kwenye benchi na benchi likaomba msamaha. Uzito wake ulikuwa sehemu ya heshima yake. Watu walimwita Tani.

Mtaani kwetu, na kwingine kote nilikowahi kupita hapa mjini, gogo hukatwa hivi: unalilaza juu ya gogo jingine dogo, ncha moja ikibaki hewani, kisha mtu mzito anakalia upande wa nyuma ili lisitikisike. Halafu unakata ile ncha ya hewani, kipande baada ya kipande. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kama huna mtu mzito, unaazima kwa jirani. Nimewahi kumwona mama wa nyumba ya pili akikalia gogo la watu huku akinyonyesha, akipiga soga, wala hata hautazami msumeno. Kwetu hatukuwa na haja ya kuazima. Tulikuwa na Tani.

Aliporudi kutoka hospitali hakuweza kushika usukani, wala ndoo, wala kufunga vifungo vyake mwenyewe. Lakini alipoliona lundo la kwanza la magogo alinyanyua fimbo yake na kusema, "Hapo mimi bado niko kazini." Tangu hapo akawa anakuja. Nilimshika kwapani, nikamsaidia kuvusha mguu wa kushoto juu ya gogo, naye akalipanda kama pikipiki, akiwa amenitazama. Kisha alianza kutoa amri.

"Gia ya kwanza!"

Hapo nilipaswa kuvuta msumeno polepole, meno yashike gome.

"Ya pili! Vuta, vuta, hii si mlima!"

Na kipande kilipokaribia kuanguka alinyanyua mkono wake mzima. "Breki!"

Mama akiwa jikoni alicheka. Hata mimi nilicheka, mwanzoni. Lakini yale mazoea yangu yalikuwa yanafanya kazi chini kwa chini. Niliona jambo ambalo sijui kwa nini hakuna mwingine aliyeliona: kila kipande kilipoanguka, gogo lilibaki fupi zaidi. Tukalisogeza mbele, na baba akasogea nalo. Mwanzo wa gogo msumeno ulikuwa mbali naye. Mwisho wa gogo, msumeno ulikuwa ukienda na kurudi mbele ya magoti yake, na goti moja kati ya hayo halikuweza kukimbia.

Nilimwambia tuache vipande vya mwisho bila kukata.

"Tumpe nani?" aliuliza.

"Mama anaweza kuvitumia vikiwa virefu."

"Sufuria haitaki kuni inayotoka nje kama ulimi wa mbwa. Kata, Bwana Digrii."

Ndivyo alivyoniita. Wakati mwingine kwa fahari, mbele ya wageni; wakati mwingine hivyo.

Mvua zilipoanza kukolea, gogo likaanza kucheza.

Niliusingizia msumeno kwanza. Nilifikiri meno yamelala, nikayanoa kwa tupa mpaka vidole vikapata malengelenge. Gogo likaendelea kucheza. Nikafikiri ni gome la mwarobaini, ambalo likilowa huteleza, nikalibambua. Nikafikiri ni gogo la chini, nikalichimbia kidogo ardhini. Nikafikiri ni mimi, kwamba navuta kwa hasira, kwa hiyo nikajaribu kuvuta kama mtu asiye na shida duniani. Bado nilipovuta, ncha ya nyuma ilinyanyuka, ikamnyanyua na baba, halafu ikamrudisha chini. Alikuwa akipanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea. Alitazama juu ya kichwa changu, barabarani, kana kwamba anangoja gari.

Siku moja, kabla hajakaa, alisema ana kiu.

"Nikuletee maji?"

"Lete jerikeni."

"Jerikeni nzima, baba? Nikuletee kikombe."

"Nimesema jerikeni. Ijaze."

Niliileta. Aliipakata mapajani kwa mkono wake mmoja. Tulikata gogo lote, na gogo halikucheza. Hakunywa hata tone moja.

Nilielewa nikiwa naosha msumeno utomvu. Niliketi chini palepale. Shida haikuwa gogo, wala meno, wala gome. Baba alikuwa amepungua. Shati lake la zamani la kazi, ambalo kila siku nililiona, lilikuwa likining'inia kwake kama limetundikwa kwenye kamba. Mimi niliyefundishwa kutazama kila kitu kinachoweza kuharibika nilikuwa nimetazama kila kitu isipokuwa yeye. Na yeye alikuwa ameshajua. Alijua kabla yangu, akatafuta dawa yake mwenyewe, akaiita kiu.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Niliwaza kuhusu jerikeni. Leo moja, mwezi ujao mbili? Angeipakata wapi ya pili? Niliwaza kuhusu mguu wa kushoto. Niliwaza kuhusu hospitali, na kwamba hospitali ndiko walikotuambia apumzike na ale vizuri, maneno mawili ambayo kwetu yalikuwa hayafiki mlangoni. Kisha nikawaza kuhusu stendi, na nilipowaza kuhusu stendi nikakutana na lile swali.

Hata hivyo nilianza kuitafuta, kwa sababu kutafuta kunapunguza mawazo kidogo. Katika duka moja la vifaa vya ujenzi upande wa Munuki nilikuta jozi ya stendi za chuma zinazokunjwa, nyepesi, zimepakwa rangi nyekundu. Nilizizunguka muda mrefu mpaka mwenye duka akauliza kama nataka kuzioa. Nilijua kasoro yake tangu mwanzo. Juu zilikuwa bapa, za kulaza mbao. Ubao hulala, gogo hubingirika. Lakini zilikuwa hapo, mkononi, na kichwa changu kilikuwa kimechoka. Nilizinunua kwa akiba ya mwisho ya ule ujira mdogo wa kujitolea.

Baba alikuwa chini ya rakuba nilipozifungua. Hakuuliza ni za nini. Alitazama tu nilipoweka gogo juu yake, nikaingiza kipande cha mti kama kabari upande huu, kingine upande ule. Nilivuta msumeno mara moja. Gogo likageuka taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, likaanguka, likavunja beseni la mama.

Sikuwahi kumsikia baba akicheka vile tangu augue. Alicheka mpaka mate yakamtoka upande ule usioshika. "Mama wa watoto!" aliita. "Njoo uone! Hata chuma kinahitaji makalio!"

Nilimpangusa kinywa, nikamsaidia kukaa juu ya gogo, nikamletea jerikeni bila kuambiwa. Alikuwa na furaha. Nakiri kwamba na mimi nilipata nafuu, nafuu ya kijinga, kama mtu aliyefeli mtihani ambao kuufaulu kungemwumiza mtu mwingine.

Haikudumu. Wiki hiyohiyo, tukiwa kwenye kipande cha mwisho cha gogo fulani lililopinda, nilihisi msumeno umelegea ghafla. Gogo lilizunguka chini ya baba. Jerikeni ilianguka kwanza, maji yakamwagika, kisha baba akaenda ubavu, taratibu mno, na mimi nikaona anaanguka na mkono wangu bado unavuta, kwa kuwa mkono hupokea habari baadaye. Nilitupa msumeno. Nilimnyanyua kutoka kwenye matope, na ni hapo nilipogundua ninavyoweza kumnyanyua kwa urahisi.

"Malesh," alisema, kama watu wa hapa wasemavyo mtu akijikwaa. Pole. Alikuwa ananiambia mimi pole. "Gari limeteleza tu. Weka lingine."

"Baba, suruali yako."

Ilikuwa imechanika chini ya goti la kushoto, mchaniko mnyoofu wa msumeno. Nikaikunja. Damu ilikuwa inashuka kwenye muundi mpaka ndani ya kandambili, si nyingi, lakini ilikuwa inashuka, na yeye alikuwa anautazama uso wangu akisubiri nimwambie kuna nini. Hakuwa amesikia maumivu yoyote.

Mama alimsafisha kwa maji ya chumvi. Kidonda hakikuwa kirefu. Alipokwisha kukifunga alinifuata nyuma ya jiko.

"Usimkalishe tena."

"Nimwambieje?"

"Sijui."

"Mama, mwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

Alikuwa anakamua kile kitambaa. "Mimi mwaka huu nimemwambia kwamba hataendesha tena. Nimemwambia kwamba lori limechukuliwa na mwenyewe. Nimemwambia kwamba nitamwogesha mimi, hata akikataa. Hili la gogo mwambie wewe, mwanangu. Mimi nimechoka kuwa mdomo."

Nilikwenda kwa fundi seremala, Mganda mmoja ambaye karakana yake iko kando ya barabara ya kwenda Lemon Gaba. Anatengeneza vitanda, milango na majeneza, na siku hiyo kulikuwa na jeneza juu ya stendi zake mwenyewe, linakauka rangi. Nilikaa nalitazama mpaka aliponiuliza.

"Wewe nataka kitanda? Mimi iko na kitanda mzuri, ya mtu ya kuoa."

"Nataka stendi ya kukatia magogo."

"Kama hii?" Alizigonga zile zilizobeba jeneza. "Hii iko na kazi. Mwenyewe nakuja jioni."

"Hapana, si bapa. Nataka miguu ipishane juu, hivi." Nilimwonyesha kwa mikono, nikaona mikono haitoshi, nikachora mchangani. Miguu miwili iliyopishana kama mkasi uliofunguliwa nusu, na jozi nyingine kama hiyo, zimeunganishwa kwa pau za chini. Gogo linalala kwenye bonde la juu, na kadiri linavyokuwa zito ndivyo linavyojikaza.

Aliutazama mchoro. "Hii ni meza imekufa."

"Haijafa, fundi. Tazama."

Nilimweleza yote, na alipochoka kusikiliza niliendelea. Miguu iachane chini kuliko juu, kwa sababu msumeno unasukuma upande mmoja. Urefu uishie chini kidogo ya kiuno changu, ili nikate nikiwa nimesimama wima na bega likiwa juu ya msumeno. Jozi zisiachane sana, maana nitakata ncha iliyo nje, kamwe si katikati. Ukikata katikati, gogo likikaribia kukatika hujikunja ndani na kuubana msumeno. Na upande mmoja aongeze pau ya kukanyagia, niizuie stendi kwa mguu.

"Na nani nakaa?" aliuliza.

"Wapi?"

"Juu ya gogo. Nani nakaa?"

"Hakai mtu."

Alicheka, akaanza kuchagua mbao. "Basi hiyo nataka misumari mingi."

Nilimpa zile za chuma kama sehemu ya malipo. Nilikaa hapo mpaka alipomaliza, nikaijaribu, nikaipanda, nikaisukuma kila upande. Ilikuwa imara. Ilikuwa stendi sahihi. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuoni nilikuwa nimefikiria jambo hadi mwisho na likatoka kama nilivyolifikiria. Nilibeba ile stendi kichwani mpaka Gurei, na njia nzima nilitamani ivunjike.

Niliificha nyuma ya jiko, nikaifunika gunia. Siku zilizofuata sikukata kitu. Nilisema mgongo unauma. Mama aliokoteza vipande, akaazima kwa majirani, akapika kwa maganda na matawi, na moshi ukamtoa machozi siku nzima. Mimi nilizunguka uani nikitunga maneno. Nilifikiria kumpa baba kazi nyingine. Angeweza kushika chaki na kuweka alama mahali pa kukata. Angeweza kuhesabu vipande. Angeweza kukalia kiti mbele yangu na kuendelea na gia na breki. Nilipanga lipi nianze nalo na atajibu nini, na nitajibu nini akijibu hivyo.

Yeye ndiye aliyeanza. Nilikuwa namwekea chai.

"Ile kitu chini ya gunia," alisema. "Nyuma ya jiko. Ni yako?"

Choo chetu kiko huko nyuma. Sikujua nilidhani atapita wapi.

"Ni yangu, baba."

"Ni ya kukatia."

"Ndiyo."

Alipuliza chai. "Fundi amefanya vizuri?"

"Vizuri. Nilikuwa nafikiri, baba, kwamba wewe ungekuwa unaweka alama kwa chaki. Kila kipande kiwe sawa na kingine, kwa ajili ya sufuria. Mimi macho yangu hayapimi vizuri."

Alinitazama. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa hauna neno, na upande wa pili ulikuwa na mengi.

"Usinitafutie kazi," alisema. "Tafuta yako."

Nilikunywa chai yangu yote ikiwa ya moto.

Kisha akafa mzee wa nyumba ya pili, yule ambaye binti yake alikuwa akikalia magogo ya watu huku akinyonyesha. Wakaweka bika, yaani matanga kama wanavyoyaita hapa: turubai likafungwa, viti vikaazimwa, wanaume wakaketi upande huu, wanawake wakaenda kwenye vyungu. Watu wa bika hawaondoki bila kula, na moto wa bika haupaswi kuzimika mchana wala usiku. Mama aliombwa apike maharage. Vijana wa mtaa tuliombwa kuni. Lori lilimwaga magogo kati ya ua wao na wetu, mbele ya turubai, ambapo kila mtu aliyekaa alikuwa anayatazama.

Asubuhi ya kwanza nilitoka na msumeno. Magogo yalikuwa manene kuliko yetu ya kawaida, yamelowa, mengine yamepinda. Kulikuwa na wanaume wengi chini ya turubai, na baadhi yao walikuwa madereva wa zamani waliomfahamu baba. Nilimsikia mmoja akiita, "Tani! Bado uko?" Nikageuka.

Baba alikuwa anatoka langoni kwetu. Alikuwa amevaa shati lake la kazi, vifungo vyote vimefungwa. Lazima mama alimfungia. Fimbo ilikuwa imebanwa kwapani, haimsaidii chochote, kwa sababu mkono wake mzima ulikuwa umebeba jerikeni. Ilikuwa imejaa. Alikuwa anavuta mguu wa kushoto, anasimama, anaivuta jerikeni, anasimama. Hakuna aliyemsaidia kwa kuwa alikuwa anatabasamu.

"Bado niko!" aliwajibu. "Hawa watoto watakata nini bila mimi?"

Wakacheka, wakapiga makofi kidogo, kwa adabu ya msiba. Mmoja akasema, "Kalia, Mzee, tule mapema."

Nilisimama na msumeno wangu. Kama angekuwa amekuja kwa hasira ningeweza. Kama tungekuwa peke yetu uani ningeweza pia, au ningejidanganya kwamba naweza. Lakini alikuja akiwa amevaa, mbele ya watu waliomjua akiwa mzito. Nilifikiria kumwacha akalie leo tu, siku ya bika tu. Nilifikiria kwamba ningekata polepole. Ningeacha vipande vya mwisho. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri. Kisha nikatazama mguu wake, bandeji ya mama ikionekana chini ya suruali, imelowa matope, na yeye hajui kwamba imelowa.

Nilipita karibu naye bila kumwangalia. Niliingia kwetu, nikaenda nyuma ya jiko, nikaondoa gunia. Niliibeba stendi kichwani nikatoka nayo langoni, mbele ya turubai lote, nikaiweka chini pale penye udongo mgumu. Niliitikisa. Haikutikisika. Niliwaita vijana wawili, tukanyanyua gogo la kwanza, lile nene kuliko yote, tukalilaza. Likashuka kwenye bonde lake, likajikaza.

"Hiyo ni nini?" mtu aliuliza. "Mbuzi wa mbao?"

"Na mzee je?" akauliza mwingine.

Baba alikuwa amefika. Alisimama kando ya stendi, akaitazama juu mpaka chini, gogo lake likiwa juu zaidi ya kiuno chake, mahali ambapo mguu wake usingeweza kuvuka hata kwa kusaidiwa. Nilijua anatafuta pa kukaa. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimelitafuta jibu hilo kabla yake, usiku na mchana, na sikulipata.

"Baba," nilisema, kwa sauti ambayo wote wangeisikia, kwa sababu sikuwa na nyingine. "Hutakaa tena juu ya gogo. Msumeno ulikukata na hukusikia. Mimi siwezi."

Nikasikia maharage ya mama yakichemka.

"Kalas," alisema baba. Basi. Alilisema kwa ukarimu kabisa, kama mtu anayemruhusu mgeni aende.

Kijana mmoja alimletea kiti cha plastiki, akakiweka mstari wa mbele wa waombolezaji. Wale madereva wakasogea wampe nafasi. Aliketi, na jerikeni akaiweka mapajani, akaikumbatia kwa mkono wake mmoja, kama vile kiti kile kinaweza kupeperuka.

Niliweka mguu kwenye pau ya kukanyagia. Niliweka meno ya msumeno juu ya gome, nje ya miguu ya stendi, mahali panapostahili. Nilingoja gia ya kwanza. Nilingoja mpaka vijana wakaanza kunitazama.

Haikuja, nikaanza kukata.